WATOTO WETU WAFUNDISHWE KUANDIKA HOJA

Mtoto wa darasa la sita akiambiwa aandike insha juu ya ng'ombe, ataiandika bila taabu. Atasema kuwa ng'ombe ni mnyama mwenye miguu minne, pembe mbili na mkia mmoja. Kuwa hutupa maziwa, nyama na ngozi. Na mwisho atasema kuwa yeye humpenda sana ng'ombe. Mwalimu atasahihisha herufi kubwa na nukta, atampa alama zake, na kazi itakuwa imekwisha. Lakini mtoto huyo huyo akiambiwa amwandikie mwenyekiti wa kijiji kumweleza kwa nini ng'ombe wazuiwe kunywa maji katika kisima cha shule, kalamu yake itasimama. Amefundishwa kusema kitu kilivyo. Hakufundishwa kusema kwa nini kiwe hivi wala kisiwe vile, kwa maneno ambayo mtu mwingine atayapima na kuyakubali.

Wako watakaosema kuwa hili ni jambo dogo la walimu, lisilostahili nafasi katika ukurasa huu. Sisi twaliona kuwa jambo kubwa, na twaliona kuwa ni la wanachama na wafanyakazi wote. Katika nchi yetu mambo ya wananchi huamuliwa katika mikutano: mkutano wa tawi, mkutano mkuu wa kijiji, baraza la wafanyakazi, kamati ya shule. Katika mikutano hiyo mtu hushinda kwa moja ya mambo mawili, ama kwa hoja ama kwa makelele. Pale ambapo wengi hawakufundishwa hoja, makelele ndiyo yatakayotawala, na mwenye sauti kubwa kuliko wote aghalabu si mwenye haki kuliko wote.

Kwanza yafaa tueleze tunalolitaka, maana lugha yetu yenyewe yatuonya. Mtu akisikia kuwa fulani ameshawishiwa, mara nyingi hudhani kuwa ametiwa katika jambo baya. Tena tunayo maneno kurubuni, kughilibu na kulaghai. Yote hayo ni kumpeleka mtu mahali ambapo asingalikwenda kama angalijua kweli. Hatutaki watoto wetu wafundishwe kazi hiyo. Kutoa hoja ni kinyume chake: ni kumwonyesha mtu njia yote pamoja na mashimo yaliyomo, kisha kumwacha aende kwa miguu yake mwenyewe. Mlaghai huogopa kuulizwa. Mwenye hoja hungoja kuulizwa.

Hoja nzuri ina mambo manne, na yote yamo katika uwezo wa mtoto wa miaka kumi. Lazima liwepo dai, yaani jambo lenyewe linalotakiwa. Lazima ziwepo sababu za dai hilo. Lazima uwepo ushahidi, yaani kitu kilichoonekana, kilichohesabiwa au kilichopimwa. Na mwisho lazima liwepo jawabu kwa yule asiyekubali, kwa kuwa huyo naye ana akili na ana sababu zake. Hili la nne ndilo gumu, na ndilo linaloachwa siku zote.

Si jambo geni kwetu. Chama chetu kilizaliwa katika kazi hiyo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili ardhi hiyo wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto na mifugo ikaswagwa. Wameru hawakuwa na silaha za kushindana na serikali ile. Walilokuwa nalo ni madai yao, nao waliyaandika na kuyapeleka Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet alikwenda New York kuyaeleza kwa kinywa chake. Ardhi haikurudishwa siku ile. Walakini jambo lililotakiwa lifichwe katika wilaya moja likajulikana duniani, na Watanganyika wengi wakatambua kuwa mkoloni aweza kuulizwa mbele ya watu naye akalazimika kujibu.

Mwezi Machi mwaka 1955 Mwalimu Julius Nyerere, wakati ule akiwa Rais wa TANU na mwalimu wa shule ya Pugu, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Na tuitazame hoja ya TANU kama mwalimu atazamavyo insha. Dai lilikuwa wazi: Tanganyika ni nchi ya Waafrika kwanza, nayo lazima iongozwe kwenye kujitawala. Msingi wa dai hilo haukuwa machozi wala matusi. Ulikuwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao Uingereza yenyewe iliukubali, nao wasema kuwa nchi za udhamini ziendelezwe hata zijitawale au ziwe huru. Kwa maneno mengine, TANU ilimshika mtawala kwa ahadi yake mwenyewe. Hilo ni somo la kwanza ambalo mtoto yafaa ajifunze: ukitaka mtu akubali neno lako, anza na neno ambalo yeye amekwisha kulikubali. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya mkoloni ikateremshwa bila vita. Ziko sababu nyingi za ushindi ule, na umoja wa wananchi ulikuwa mkubwa kuliko zote. Lakini umoja huo wenyewe ulijengwa na watu waliojua kueleza.

Hata katika fasihi yetu kazi hii ina mizizi. Mwaka 1954 Shaaban Robert alitoa kitabu chake Kielezo cha Insha, kuwaonyesha wasomaji jinsi mawazo yanavyopangwa kwa maandishi. Na kabla yake, washairi wetu wamelumbana tangu zamani, huyu akifunga na yule akifungua, mmoja akitoa neno na mwenziwe akilipinga, wala hakuna aliyetoa kisu. Malumbano ni shule ya hoja. Basi twauliza: mbona shule zetu za msingi ziwe na malumbano kidogo kuliko barazani kwa wazee?

Tutajibiwa kuwa ngonjera zimefundishwa shuleni. Ni kweli, na twamkumbuka kwa heshima Ndugu Mathias Mnyampala, ambaye baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 alizieneza ngonjera ili wananchi, na hasa watoto, walielewe Azimio. Zilifanya kazi njema. Lakini ngonjera, kama zilivyozoeleka katika sherehe za shule, zina upungufu mmoja kwa shabaha tunayoisema hapa. Mwanzoni mmoja huwa mjinga na mwingine mwelevu. Mwishoni mjinga husadiki na kushukuru. Mtoto huyajua matokeo kabla hajafungua kinywa, kwa kuwa mwalimu ameyatunga yote. Hivyo mtoto hujifunza kukariri jawabu la mtu mwingine kwa sauti nzuri. Kukariri kuna manufaa yake, lakini hakumfundishi kupima sababu, wala hakumfundishi la kufanya siku atakapokutana na mpinzani asiyekubali katika ubeti wa mwisho.

Upungufu mwingine ni matumizi ya methali. Mtoto wetu akitakiwa athibitishe jambo, hukimbilia methali, na mwalimu humpa alama. Methali ni johari ya lugha, wala hatusemi ziachwe. Lakini methali si ushahidi. Anayetaka jambo lisifanywe haraka atasema haraka haraka haina baraka. Anayetaka lifanywe leo atasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wote wawili wana wazee nyuma yao. Ni nani kati yao aliye na haki? Haiwezekani kujua mpaka tuulize habari za jambo lenyewe: litagharimu nini, litamwumiza nani, na likingojewa mwezi mmoja kitapotea nini. Mtoto afundishwe kuipamba hoja yake kwa methali baada ya kuijenga, kama mtu apakavyo chokaa nyumba iliyokwisha kusimama.

La tatu ni mtihani. Mwaka 2012 mtihani wa kumaliza elimu ya msingi Tanzania Bara ulitolewa katika karatasi za kusahihishwa kwa mashine. Mtoto akapewa herufi tano, achague moja na kuitia kivuli, hata katika Hisabati. Baadaye yaliongezwa maswali machache ambayo mtoto huandika jawabu lake mwenyewe, na hilo ni jema. Twajua kwa nini mashine ilitumika: watahiniwa ni wengi, kazi ya kusahihisha ni kubwa, na mashine haimpendelei mtu. Hizo ni sababu za kweli, nasi hatuzidharau. Lakini mashine haiwezi kumwuliza mtoto kwa nini amechagua herufi hiyo. Na shule, kama soko, huleta kile kinachonunuliwa. Kama mtihani haununui hoja, walimu hawatauza hoja. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka elimu impe mtoto akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kurekebisha yasiyomfaa, na imani katika nafasi yake kama raia aliye sawa na wengine. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopimika kwa kivuli cha kalamu ya risasi.

Sasa tuje kwenye pingamizi kubwa, ambalo wazazi wengi wanalo mioyoni hata kama hawalisemi. Wao waogopa kuwa mtoto akifundishwa kutoa hoja atakuwa mjeuri: atabishana na baba, atamjibu mwalimu, hatakubali kutumwa dukani mpaka aelezwe sababu. Hofu hii haifai kuchekwa, kwa sababu adabu ni mali yetu. Lakini twaomba wazazi watazame vizuri. Ni mtoto yupi anayepiga kelele na kutupa sahani? Ni yule asiyejua kusema kinachomwuma. Mwenye maneno hana haja ya kutupa sahani. Tena, hoja tunayoisema ni ya kuandikwa, na kuandika ni adabu kwa nafsi yake. Mwandishi hungoja, hufikiri, hufuta, huanza kwa salamu, hutaja cheo cha amwandikiaye, na hukubali kusomwa akiwa hayupo. Kumfundisha mtoto amwambie mkubwa, "Shikamoo mzee, naomba nikueleze kwa nini naona vingine," ni kumfundisha adabu na ushujaa kwa sentensi moja.

Na sisi wanachama tusijisahau katika hofu hiyo. Mwaka 1962 TANU ilipata kijitabu cha Mwalimu kiitwacho Tujisahihishe. Ndani yake wanachama walionywa juu ya ubinafsi wa kulipima jambo kwa kumtazama aliyelisema badala ya kulitazama lililosemwa. Mwana-TANU aliahidi kusema kweli daima, na kwake fitina ilikuwa mwiko. Fitina ni nini, kama si hoja iliyokosa ushahidi ikapita mlango wa nyuma? Mtu asiyeweza kusema mbele ya wenzake, "Sikubali, na sababu zangu ni hizi," ndiye anayekwenda kunong'ona gizani. Tukitaka vijana wasiojua fitina, tuwape njia ya kusema mchana.

Jinsi ya kufundisha si siri. Tufikiri barua mbili za watoto kwa kamati ya shule juu ya chakula cha mchana. Ya kwanza yasema: "Tunaomba chakula cha mchana kwa kuwa chakula ni kizuri, na sisi watoto ni taifa la kesho." Lugha yake haina kosa, wala haina uzito. Ya pili yasema: "Tumehesabu katika darasa letu. Watoto kumi na wawili hutembea zaidi ya saa moja kuja shuleni. Juma lililopita wanane kati yao walikwenda kula saa sita, na watano hawakurudi. Twajua wazazi watasema kuwa mahindi ni haba mwezi huu, nao wasema kweli. Kwa hiyo tunaomba kila nyumba itoe debe moja wakati wa mavuno, si sasa." Barua hiyo ya pili ina dai, ina sababu, ina hesabu, na imemjibu mzazi kabla hajafungua kinywa, tena kwa kumheshimu. Kamati yaweza kuikataa, lakini haiwezi kuidharau. Tofauti kati ya barua hizi mbili haikuletwa na akili za kuzaliwa. Imeletwa na mafunzo: mwalimu aliwaambia watoto waende wakahesabu kabla ya kushika kalamu.

Baada ya hapo mwalimu aligawe darasa. Nusu waandike kama watoto, na nusu wajibu kama wazazi. Kisha wabadilishane. Mtoto aliyetaka chakula aandike kwa nguvu zake zote barua ya mzazi asiyetaka, mpaka mwenziwe aseme, "Naam, hivyo ndivyo nionavyo mimi." Zoezi hili laonekana kama mchezo, lakini ndani yake mtoto hugundua jambo ambalo watu wazima wengi hufa bila kuligundua, kwamba asiyekubaliana naye si mwovu wala si mpumbavu. Na akisha kuliona hilo, aweza kushindwa katika mkutano bila kununa, na kushinda bila kutamba.

Walimu watatuuliza kama tumeyaona madarasa yao. Tumeyaona. Tangu ada na michango ya shule ilipoondolewa mwaka 2016, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani wamemiminika shuleni, na hiyo ni sifa kwa taifa. Lakini mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kusahihisha barua themanini kila juma, wala hatutaki tumwambie aweze. Basi watoto watano waandike barua moja, wakishauriana. Barua iwe ya aya moja tu. Isomwe kwa sauti, na darasa zima liulize: dai liko wapi, ushahidi uko wapi, amejibiwa nani? Kundi moja lisahihishe la kundi jingine. Mwalimu asitumie wino mwekundu kwa herufi peke yake. Apigie mstari sababu yenye nguvu, ili mtoto ajue kuwa imeonekana. Kazi hii haihitaji mashine wala fedha za kigeni. Ubao, daftari na saa moja katika juma vyatosha kuianza.

Nasi tusiyaone haya kuwa ya shuleni tu. Mfanyakazi anakumbuka kuwa mwaka 1970 mabaraza ya wafanyakazi yaliamriwa yaundwe katika mashirika ya umma, na kuwa mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, anasa na dharau. Wafanyakazi waliishika ibara ile wakaisoma mbele ya mameneja wao. Lakini karatasi haijisomi yenyewe. Palipokuwa na mfanyakazi aliyeweza kuandika kosa, siku, saa na mashahidi, ibara ilikuwa ngao. Palipokuwa na hasira tupu, ilibaki kuwa wimbo. Na mkulima vivyo hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe ugawaji wa ardhi ya kijiji. Ni mamlaka makubwa. Lakini siku atakapokuja mtu mwenye suti na ramani ya rangi, kijiji kisicho na watu wa kumwuliza kwa maandishi miaka ni mingapi, malipo ni nini, na maji yatapita wapi, kitainua mikono kwa aibu ya kukaa kimya.

Zaidi ya hayo, watoto wa leo wanakua mikononi mwao mna simu. Kila siku hupita humo uongo uliovaa nguo za habari: dawa inayoponya kila ugonjwa, fedha zinazozaa kwa usiku mmoja, kabila hili linalodaiwa kulichukia lile. Huwezi kumfungia mtoto asiyaone. Lakini mtoto aliyezoea kuulizwa na wenziwe "Ushahidi uko wapi?" kila Alhamisi darasani, atauuliza ulimwengu swali lile lile akiwa peke yake. Aliyejifunza kujenga hoja hujua pia mahali nyumba mbovu inapopasuka.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwa wanaotunga mitihani: wakati huu ambapo Sera ya Elimu ya toleo la 2023 imebadili mpango wa elimu ya msingi kuwa wa miaka sita, liwekwe swali moja, hata kama ni moja tu, ambalo mtoto ataandika hoja yake kwa maneno yake mwenyewe, na lisahihishwe na binadamu. Kwa walimu: saa moja katika juma kuanzia darasa la nne, na mada zitoke katika maisha ya kijiji na mtaa, si juu ya simba na tembo ambao watoto wengi hawajawaona.

La tatu latuhusu sisi wenyewe, viongozi wa matawi, wenyeviti wa vijiji na mitaa, na wajumbe wa kamati za shule. Barua hizi za watoto zikitufikia, tuzijibu. Tusizitie sandukuni wala tusizicheke. Tukikubali, tuseme tumekubali sababu ipi; tukikataa, tutoe sababu zetu kwa heshima ile ile waliyotuandikia. Mtoto anayeandika vizuri asijibiwe hujifunza somo moja baya sana, kwamba maneno hayafai kitu na kwamba wakubwa husikia makelele tu. Somo hilo akilishika utotoni, hakuna mwalimu atakayeweza kulifuta. Hoja ya mtoto ni deni kwa mkubwa, na dawa ya deni ni kulipa.